Kampuni za Kichina na magari ya Marekani: ni nini hasa kilichonunuliwa?

Kila baada ya muda maneno huzuka upya kwamba Wachina wameshazinunua kampuni za magari za Marekani. Utayasikia gereji, utayasikia kijiweni kwenye kahawa, na utayakuta kwenye makundi ya WhatsApp yakiwa na picha ya Hummer au Volvo kama ushahidi. Wanaoyasema si watu wa kupuuzwa. Habari zenyewe zilikuja vipande vipande kwa zaidi ya miaka 15: leo chapa fulani imeuzwa, baada ya miezi mauzo yamevunjika, kisha kiwanda cha betri kimeingia mnadani, halafu kimya. Anayepitia vichwa vya habari tu hana namna ya kuunganisha.

Tuanze na lililo wazi. Kampuni tatu kubwa za Detroit, yaani General Motors, Ford na Chrysler, hazijawahi kununuliwa na kampuni ya Kichina, hata moja. General Motors na Chrysler zilifilisika kweli mwaka 2009, ila waliozichukua walikuwa wengine. General Motors mpya iliyotoka mahakamani Julai 2009 ilimilikiwa kwa karibu asilimia 61 na serikali ya Marekani yenyewe, na sehemu kubwa ya hisa zilizobaki ilikwenda kwa mfuko wa afya wa wastaafu wa chama cha wafanyakazi, serikali ya Canada pamoja na jimbo la Ontario, na wadai wa zamani. Chrysler iliangukia mikononi mwa Fiat ya Italia, na leo ni sehemu ya Stellantis, yenye makao yake Uholanzi. Ford haikufilisika kabisa, kwa sababu mwaka 2006, kabla dhoruba haijafika, ilikuwa imekopa zaidi ya dola bilioni 23 na kuweka rehani karibu kila ilichokuwa nacho, hadi nembo yake ya duara la bluu.

Hata General Motors East Africa ya Nairobi ilipouzwa mwaka 2017 haikwenda China. Asilimia 57.7 ya hisa zilinunuliwa na Isuzu ya Japani, na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa.

Walichonunua Wachina ni vipande vilivyokatwa kutoka kwenye kampuni hizo kubwa, pamoja na kampuni changa za Marekani zilizoshindwa kusimama. Na mimi naona kuwa mauzo yaliyopigiwa kelele nyingi ndiyo yaliyokuwa na uzito mdogo, ilhali yale yaliyopita kimyakimya ndiyo yanayotueleza mengi kuhusu China na Marekani za leo.

Kufilisika maana yake nini

Kwetu kampuni ikisemwa imefilisika, watu huona kufuli mlangoni na viti vikipigwa mnada. Sheria ya Marekani ina njia hiyo, lakini ina na nyingine, maarufu kama Sura ya 11. Kampuni ikiingia humo, mahakama huikinga: wadai huzuiwa kuivamia kwa muda, nayo huendelea na kazi huku ikipanga upya madeni yake au ikiuza mali zake chini ya macho ya jaji. Anayenunua mali kwa njia hiyo kwa kawaida huipata ikiwa imesafishwa madeni ya zamani. Madeni hubaki na kampuni ya zamani, na wadai hugawana fedha zilizopatikana, mara nyingi senti chache kwa kila dola waliyodai. Ndiyo maana wanunuzi wengi hawana haraka ya kuinunua kampuni ikiwa bado inahema. Husubiri ifike mahakamani.

Jambo la pili ni kwamba kampuni ya magari haiuzwi lazima ikiwa nzima. Fikiria kampuni ya mabasi ya mikoani iliyolemewa na mikopo. Mtu mmoja anaweza kununua mabasi yenyewe. Mwingine akachukua jina lililoandikwa ubavuni, maana abiria wamelizoea na wanaliamini. Wa tatu akanunua gereji pamoja na mafundi wake, na wa nne akataka kibali cha njia ya Mwanza tu. Wote wanne watasema wameinunua kampuni ile, na kila mmoja atakuwa na kitu tofauti mkononi. Kwenye magari hali ni hiyo hiyo: kuna chapa, kuna kiwanda, kuna ujuzi pamoja na hataza zake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichokivumbua, na kuna soko. Ukisikia Mchina amenunua, uliza kwanza ni kipi kati ya hivyo.

Mwaka ambao mizani iligeuka

Katikati ya mwaka 2008 petroli nchini Marekani ilipita dola 4 kwa galoni, ambayo kwao ni kama lita 3.8. Kampuni za Detroit zilikuwa zimejenga faida yake juu ya magari makubwa yanayobugia mafuta, na ghafla wateja wakayakimbia. Kabla hazijapumua, benki zikayumba. Mmarekani wa kawaida hununua gari kwa mkopo, kwa hiyo benki zikifunga mkono, wauza magari nao husimama. Mauzo ya nchi nzima yalishuka kutoka magari milioni 16 hivi mwaka 2007 hadi milioni 10.4 mwaka 2009. General Motors ilipofika mahakamani tarehe 1 Juni 2009, nyaraka zake zilionyesha mali za dola bilioni 82 na madeni ya bilioni 172.

Mwaka huo huo, 2009, magari zaidi ya milioni 13.6 yaliuzwa China, na kwa mara ya kwanza ikaipita Marekani na kuwa soko kubwa kuliko yote duniani. Upande mmoja kulikuwa na kampuni zenye majina na maarifa ya karne nzima lakini hazina fedha. Upande wa pili kulikuwa na kampuni zenye fedha na wateja wengi, lakini magari yao yalikuwa bado hayaaminiki nje ya nchi yao. Kukutana kwao hakukuhitaji njama yoyote.

Hummer: mauzo ambayo hayakutimia

General Motors iliamua kubaki na chapa nne tu kwa soko la nyumbani: Chevrolet, Buick, Cadillac na GMC. Pontiac, Saturn, Saab na Hummer zilitakiwa ziuzwe au zifungwe. Juni 2009, mara tu baada ya kufilisika, ikatangazwa kwamba Hummer imepata mnunuzi kutoka Chengdu, kampuni ya Sichuan Tengzhong, iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya barabara na ujenzi. Haikuwa imewahi kuunda gari la abiria. Bei iliyotajwa sana kwenye vyombo vya habari ilikuwa karibu dola milioni 150.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa mno. Hummer ilitokana na gari la jeshi la Marekani, lile lililoonekana kwenye vita vya Ghuba, na wengi waliona aibu likienda China. Ukweli ni kwamba gari la kijeshi halikuwa sehemu ya mauzo. Hilo lilikuwa na linabaki mali ya AM General ya Indiana. Tengzhong ilikuwa inanunua chapa ya magari ya kiraia, ambayo General Motors iliichukua kutoka AM General mwaka 1999, na ingeendelea kwa muda kuyaundisha kwa General Motors kwa mkataba.

Waliosubiri Washington iyazuie mauzo hayo walishangaa. Yalifia Beijing. Februari 2010 Tengzhong ilitangaza kwamba imeshindwa kupata idhini ya mamlaka za China ndani ya muda uliowekwa. Serikali ya China wakati huo ilikuwa ikihimiza magari madogo yasiyokula mafuta sana, na haikuwa na shauku ya kuona kampuni isiyo na uzoefu ikibeba chapa iliyosifika kwa kubugia petroli. Hummer ikafungwa mwaka huo huo. Miaka kumi baadaye General Motors ililirudisha jina hilo yenyewe, safari hii kwa gari la umeme la GMC.

Kwa hiyo picha ya Hummer inayosambazwa kama ushahidi kwamba China imeinunua Marekani inaonyesha mauzo ambayo hayakutokea kamwe, na aliyeyakwamisha hakuwa Mmarekani. Nalisisitiza hili kwa sababu dhana ya kwamba Beijing husukuma kila kampuni yake ikanunue chochote nje ni mojawapo ya dhana zinazopotosha sana mjadala huu. Kampuni ya Kichina ikitaka kununua kitu kikubwa nje, hulazimika kuomba ruhusa nyumbani kwanza: kwa wapangaji wa uchumi, kwa Wizara ya Biashara, na kwa wanaosimamia fedha za kigeni. Wengi wamekwama hapo.

Volvo, na lori lisilomilikiwa na Geely

Volvo ni ya Uswidi, sio ya Marekani. Inaingia kwenye habari hii kwa sababu Ford iliinunua mwaka 1999 kwa dola bilioni 6.45, na muongo mmoja baadaye ilikuwa inatafuta fedha kwa udi na uvumba. Jaguar na Land Rover ilikuwa imeshaziuza kwa Tata ya India mwaka 2008. Volvo ikaenda kwa Zhejiang Geely, kampuni ya Li Shufu, aliyeanza na vipuri vya majokofu miaka ya 1980 na kuingia kwenye magari mwishoni mwa miaka ya 1990. Mauzo yalikamilika Agosti 2010 kwa dola bilioni 1.5 hivi, chini ya robo ya kile Ford ilichokuwa imelipa.

Wengi walitabiri kwamba Geely ingezibeba mashine hadi Hangzhou, yaliko makao yake, na kuwaacha Waswidi mitaani. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2005 kampuni ya Nanjing iliponunua mali za MG Rover iliyofilisika Uingereza, mitambo ya Longbridge, Birmingham, ilifungashwa na kusafirishwa kweli hadi China. Geely ilifanya kinyume. Iliwaachia Waswidi usanifu, ikamwaga fedha kwenye magari mapya, ikafungua viwanda China, na mwaka 2018 Volvo ikafungua kiwanda chake cha kwanza cha magari Marekani, katika jimbo la South Carolina. Mwaka 2010 Volvo iliuza magari yapatayo 373,000 duniani. Mwaka 2019 iliuza zaidi ya 705,000.

Kuna mkanganyiko mmoja hapa unaotuhusu sisi Afrika Mashariki, ambako jina Volvo tunaliona zaidi kwenye malori ya masafa marefu kuliko kwenye magari madogo. Malori hayo hayamilikiwi na Geely. Yanatengenezwa na AB Volvo, kampuni nyingine ya Kiswidi, ile ile iliyomuuzia Ford kitengo cha magari madogo mwaka 1999 na kubaki na malori na mitambo. Jina wanalitumia wote wawili. Geely baadaye ilinunua hisa za AB Volvo zipatazo asilimia 8, jambo lililoifanya kuwa mwenye hisa mkubwa lakini si mwenye kampuni.

Saab haikuwa na bahati hiyo. General Motors iliiuza kwa Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi, ikaishiwa tena, na mwaka 2011 kampuni za Kichina Youngman na Pang Da zikajitokeza kuiokoa. General Motors ikakataa, kwa sababu magari ya Saab yalikuwa na teknolojia yake, na haikutaka teknolojia hiyo ishindane nayo ndani ya China. Desemba 2011 Saab ikafilisika. Kumbuka hilo kila mtu anaposema Wamarekani waliuza kila kitu bila kufikiri.

Vipande vilivyopita kimya

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoiona nzito kuliko zote, ambayo haina hata gari moja la kupigwa picha.

Saginaw ni mji wa Michigan ambao umetengeneza mifumo ya usukani tangu mwaka 1906. Kiwanda cha kazi hiyo kilipita kwa General Motors, kikaenda kwa Delphi, kampuni ya vipuri vya magari, na Delphi ilipofilisika kikarudi tena kwa General Motors, ambayo haikukitaka bali ilihitaji ugavi wa usukani wa magari yake usikatike. Mwaka 2010 kiliuzwa kikiwa na jina jipya, Nexteer, kwa zaidi ya dola milioni 400. Nyuma ya mnunuzi kulikuwa na kampuni ya uwekezaji ya serikali ya jiji la Beijing, na muda si mrefu hisa nyingi zikashikwa na AVIC, shirika la serikali ya China la mambo ya ndege. Hapo, tofauti na Volvo, mmiliki ni serikali yenyewe.

Karibu hakuna aliyeandamana. Kiwanda kilibaki Saginaw, kikaendelea kuuza usukani wa umeme kwa General Motors, Ford na wengineo, na maelfu ya watu wakaendelea kwenda kazini. Wanachama wa chama cha wafanyakazi walibaki na chama chao, na mwaka 2015 waligoma kwa muda mfupi hadi wakapata mkataba bora. Ukiendesha gari la Kimarekani leo, inawezekana kabisa kwamba kinachogeuza magurudumu yake kimetengenezwa na kampuni ya serikali ya China ndani ya Michigan. Mtu anaweza kulipenda au kulichukia hilo, lakini ni kubwa kuliko Hummer kwa kila kipimo.

Kisha kuna Wanxiang. Mwanzilishi wake, Lu Guanqiu, alianza mwaka 1969 na yuan 4,000 katika karakana ya zana za kilimo huko Xiaoshan, mkoa wa Zhejiang. Akakua kwa kutengeneza viungo vya shafti, akaanza kuwauzia Wamarekani, na kuanzia miaka ya 1990 tawi lake la Illinois likawa linanunua taratibu viwanda vya vipuri vilivyokuwa hoi.

Mwaka 2012 zamu ilimfikia A123 Systems wa Massachusetts. A123 ilizaliwa mwaka 2001 kutokana na utafiti wa chuo cha MIT, ikitengeneza betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti badala ya madini ghali ya kobalti. Aina hiyo ya betri haihifadhi umeme mwingi kama nyingine, ila haishiki moto kirahisi, hudumu miaka mingi na ni nafuu. Msingi wake wa kisayansi uliwekwa Texas miaka ya 1990, kwenye maabara ya John Goodenough, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Serikali ya Marekani iliiahidi A123 ruzuku ya dola milioni 249. Tatizo lilikuwa wateja. Magari ya umeme yalikuwa machache, na mteja wake mkubwa, Fisker, alikuwa naye anayumba. Betri zenye kasoro zilirudishwa kwa gharama kubwa, na Oktoba 2012 A123 ikafilisika.

Kwenye mnada Wanxiang ilishinda kwa dola milioni 256.6. Wabunge wakalalamika, na safari hii mlango uliokaguliwa ulikuwa wa Washington. Marekani ina kamati ya serikali inayochunguza uwekezaji wa kigeni, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo huuliza swali moja: je, mauzo haya yanahatarisha usalama wa taifa? Ikiona ndiyo, huweka masharti au humshauri rais ayazuie. Kwa A123, kitengo kilichokuwa na kazi za jeshi kilitengwa na kuuzwa kwa kampuni ya Kimarekani kwa dola milioni 2.25. Januari 2013 kamati ikaidhinisha mengine yote.

Mwaka uliofuata Wanxiang ikamnunua na mteja. Fisker Automotive ya California ilitengeneza gari zuri la kifahari liitwalo Karma, linalokwenda kwa umeme na petroli, lililouzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Ilikuwa imeidhinishiwa mkopo wa serikali wa dola milioni 529, na ilipokwisha kuchota kama milioni 192 mkopo ukasimamishwa. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoipiga bandari ya Newark, zaidi ya magari 300 ya Karma yalizama na mengine kuungua. Kampuni ilikuwa imeshaacha kuunda magari. Mnadani, Februari 2014, Wanxiang ililipa dola milioni 149.2. Serikali ya Marekani ilibaki na hasara ya dola milioni 139 kwenye mkopo wake. Jina likabadilishwa kuwa Karma Automotive, na magari machache yakaanza kuundwa tena kusini mwa California. Kiwanda cha Delaware ambacho Fisker ilikinunua kutoka General Motors na kuwaahidi watu kazi hakikuwahi kutoa gari hata moja chini ya wamiliki hao. Leo pale kuna ghala la Amazon.

Hapa ndipo wengine huruka hadi kwenye hitimisho kwamba China ilipata nguvu ya betri kwa kuinunua A123. Hapana. Tangu Desemba 2008, miaka minne kabla ya mnada ule, BYD ya Shenzhen ilikuwa imeshaanza kuuza gari lenye betri za chuma na fosfeti lililoundwa China. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekuwa tayari kuendelea kugharamia kitu ambacho bado hakina faida. Marekani ilitoa ruzuku, ikapata hasara hadharani, wanasiasa wakaifanya fimbo ya kuchapana kwenye uchaguzi, ikarudi nyuma. China iliendelea kutoa ruzuku kwa miaka kumi na zaidi, ikivumilia kampuni nyingi kufa njiani. Kununua A123 kulikuwa tone kwenye mto uliokuwa tayari unatiririka.

Waliokuwa ndani ya kiwanda

Kwenye mazungumzo ya hisa na mabilioni, wafanyakazi husahaulika. Desemba 2008, siku mbili kabla ya Krismasi, General Motors ilifunga kiwanda chake cha Moraine, nje kidogo ya Dayton, Ohio. Jengo lilikaa tupu hadi mwaka 2014, Fuyao ya Cao Dewang, kampuni kubwa ya vioo vya magari kutoka mkoa wa Fujian, iliponunua sehemu yake na kuanza kuwaajiri watu wa mji ule ule.

Kazi zilirudi, na hilo si dogo kwa mtu aliyepoteza nyumba. Lakini hazikurudi zilivyokuwa. Waliokuwa wakilipwa zaidi ya dola 28 kwa saa chini ya General Motors walikuta mishahara ya kuanzia isiyofika nusu yake. Walalamikaji walisema usalama kazini ulikuwa duni, na mwaka 2017 wakapiga kura ya kuleta chama cha wafanyakazi. Wakashindwa kwa kura 868 dhidi ya 444. Saginaw na Moraine zote ziliangukia kwa wamiliki wa Kichina, lakini maisha ya wafanyakazi wake yalikwenda njia tofauti, na kilichowatofautisha zaidi kilikuwa kuwapo kwa chama. Uraia wa mwenye mali ulikuja nyuma ya hilo. Wanaosema Mchina ni mkombozi na wanaosema Mchina ni mnyonyaji wote wanaiacha sehemu hiyo.

Fedha ni za nani

Watu huuliza: hizi kampuni si zote ni za serikali tu? AVIC, pamoja na kampuni za magari SAIC ya Shanghai na BAIC ya Beijing, ni za umma waziwazi. Geely, Wanxiang na Fuyao ni za watu binafsi. Hata hivyo mpaka kati ya pande hizo si ukuta. Geely ilipoinunua Volvo, sehemu ya fedha ilitoka kwenye vyombo vya uwekezaji vya serikali za mitaa, ukiwemo mji wa Daqing, na Volvo ikajenga kiwanda Daqing. Benki kubwa za China ni za serikali. Mtu akisema Geely ni mkono wa serikali anazidisha, na akisema serikali haihusiki kabisa naye anapunguza.

Kwa nini basi hawakuinunua General Motors yenyewe ilipokuwa chini? Kwa sehemu, siasa za Marekani zisingeruhusu. Sababu nyingine ni kwamba walikuwa nayo tayari nyumbani kwao. Kwa miaka mingi sheria ya China ilizuia kampuni ya kigeni kumiliki zaidi ya nusu ya kiwanda cha magari nchini humo; ilibidi iingie ubia na kampuni ya huko. Jeep ilianza Beijing kwa mkataba wa mwaka 1983, na General Motors ikaungana na SAIC mwaka 1997. Kupitia ubia huo wahandisi wa Kichina walijifunza kazi kila siku, bila kulipia kampuni nzima. Kwa General Motors nako ulikuwa uhai: mwaka 2010 iliuza magari mengi China kuliko Marekani. Zuio hilo liliondolewa kwa magari ya umeme mwaka 2018 na kwa magari yote ya abiria mwaka 2022, wakati kampuni za Kichina zilikuwa hazilihitaji tena. Desemba 2024 General Motors ilitangaza kwamba biashara yake ya China ingeipunguzia thamani kwa zaidi ya dola bilioni 5.

SAIC ilinunua hisa za General Motors iliporudi sokoni Novemba 2010, kwa kama dola milioni 500. Hisa hizo zilikuwa karibu asilimia 1 tu, lakini zilitosha kuwasha uvumi ambao haujazimika hadi leo.

Mlango umebanwa, ujuzi umegeuza njia

Mazingira yaliyowezesha Nexteer na A123 hayapo tena. Mwaka 2018 Marekani iliiongezea nguvu kamati ile ya uchunguzi. Mwaka 2024 ushuru wa magari ya umeme kutoka China ulipandishwa hadi asilimia 100. Januari 2025 ikatoka kanuni inayopiga marufuku magari yaliyounganishwa na mtandao yenye programu za Kichina, kuanzia matoleo ya mwaka 2027, na vifaa vyake kuanzia matoleo ya 2030. Kanuni hiyo haimgusi tu anayeleta magari kwa meli. Inamgusa hata mtengenezaji aliye chini ya udhibiti wa Kichina anayeunda magari ndani ya Marekani. Polestar, ndugu wa Volvo chini ya Geely, ilionya mapema kwamba kanuni hiyo ingeifungia soko la Marekani hata kwa magari yanayoundwa South Carolina. Kampuni ya Kichina ikinunua leo kampuni ya magari ya Marekani iliyo hoi, itapata kiwanda na jina bila ruhusa ya kuuza kinachotoka humo.

Wakati mlango huo unafungwa, fedha zimeanza kwenda upande wa pili. Oktoba 2023 Stellantis, mama wa Jeep na Chrysler, ilikubali kulipa euro bilioni 1.5 kwa karibu asilimia 20 ya Leapmotor, kampuni changa ya magari ya umeme kutoka Hangzhou. Na Februari 2023 Ford ilitangaza kiwanda cha betri za chuma na fosfeti, zile zile ambazo msingi wake ulitoka Texas na ambazo A123 ilifilisika ikizitengeneza. Leseni ya ujuzi inatoka CATL, kampuni ya betri ya mkoa wa Fujian, China. Gavana wa Virginia wakati huo, Glenn Youngkin, alikuwa ameukataa mradi huo kwenye jimbo lake akihofia mkono wa China. Ukahamia mji mdogo wa Marshall, Michigan. Kiwanda ni cha Ford kwa asilimia 100, na CATL haina hisa hata moja humo. Kilipangwa kugharimu dola bilioni 3.5 na kuajiri watu 2,500. Mwaka huo huo Ford ilisimamisha ujenzi, ikauendeleza kwa kiwango kidogo zaidi, na kupunguza idadi ya kazi hadi 1,700.